Askari wa Akiba Marekani: Siku Moja Kwenye Hati ya Wito Inavyobadilisha Haki za Familia

Siku 30 na siku 31 zimeachana kwa usiku mmoja tu. Kwa askari wa akiba wa Marekani, usiku huo ndio unaoamua kama mke na watoto watapata bima ya afya bila kulipia ada, na mara nyingi ndio unaoamua kama posho ya nyumba itafuata bei ya kodi ya mtaa wanaoishi. Familia nyingi za Wakenya, Watanzania, Wakongo na Waganda zenye kijana aliyejiunga na jeshi la akiba hazilijui hili hadi bili ya hospitali ibishe hodi. Wameambiwa kwamba "jeshi lina marupurupu mengi", na ni kweli. Hawakuambiwa kwamba kila rupurupu lina masharti yake, na kwamba masharti hayo yanasomwa kwenye karatasi moja: hati ya wito, yaani amri ya maandishi inayomwita askari kazini.

Askari wa akiba wa kawaida hufanya mazoezi wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili hivi kwa mwaka. Wikendi moja huhesabiwa kama vipindi vinne, na kila kipindi hulipwa sehemu moja ya thelathini ya mshahara wa mwezi wa cheo chake. Kama mshahara wa mwezi wa cheo hicho ni dola 3,000, wikendi moja inaleta dola 400 kabla ya kodi. Pesa hizo ni kidogo, na aliyejiunga kwa ajili yake peke yake atavunjika moyo mapema. Thamani kubwa iko kwenye haki zinazoambatana na utumishi wenyewe.

Nani amemwita, na kwa sheria ipi

Wapo askari wa akiba wa serikali kuu, kama Army Reserve na Navy Reserve, na wapo wa National Guard, yaani Walinzi wa Taifa, ambao wana mabwana wawili: rais wa nchi na gavana wa jimbo lao. Kwa hiyo askari wa National Guard anaweza kuitwa kwa njia tatu, na sare ikawa ileile katika zote tatu.

Njia ya kwanza ni Title 10, jina la sehemu ya sheria za Marekani inayoandikwa kwenye hati. Hapa ameitwa na serikali kuu na analipwa nayo. Hii ndiyo hati yenye nguvu kuliko zote, na karibu kila haki tutakayoitaja inafunguliwa nayo. Njia ya pili ni Title 32: serikali kuu inalipa, lakini gavana ndiye anayeamuru. Baadhi ya haki zinapatikana, nyingine zinategemea kifungu kidogo kilichoandikwa ndani ya hati, hasa 502(f). Njia ya tatu ni wito wa jimbo, ambapo gavana anaita askari kwa mafuriko, moto wa msituni au ghasia, na jimbo ndilo linalolipa. Siku za wito wa jimbo haziingii kwenye pensheni ya jeshi wala kwenye msaada wa masomo wa serikali kuu, na askari akiumia hutibiwa na kulipwa fidia kwa sheria za jimbo lake.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba mwenza wa askari aione hati kabla askari hajaondoka. Atafute mambo matatu: sheria iliyotajwa, idadi ya siku, na maneno yanayoonyesha kama wito unahusiana na operesheni maalumu au hali ya dharura ya kitaifa. Aihifadhi nakala nyumbani. Kuwa mwangalifu pia na hati mbili zinazofuatana: ya kwanza ikiisha Ijumaa na ya pili ikaanza Jumatatu, hesabu ya siku mfululizo imekatika, na hati mbili za siku 20 hazifanyi siku 40. Kasoro hiyo hurekebishwa kwa urahisi na karani wa kikosi kabla ya safari. Baada ya safari inachukua miezi.

Mke asiyeonekana kwenye kompyuta hana bima

Kila haki ya familia inapitia daftari moja la kielektroniki linaloitwa DEERS. Kuoa hakumwingizi mke humo, wala kuzaa hakumwingizi mtoto. Askari mwenyewe ndiye anayewasajili, kwa kwenda kwenye ofisi ya vitambulisho na hati halisi: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitambulisho, na namba za Social Security kwa walio nazo.

Kwa watu wa kwetu hapa ndipo mambo hukwama. Harusi ya kimila iliyoshuhudiwa na kijiji kizima, mahari ikatolewa, lakini haikuandikishwa serikalini, haitasajiliwa. Nikahi vilevile inahitaji cheti kinachotambuliwa na serikali ya nchi ilikofungwa. Tanzania, hati za ndoa na za kuzaliwa zinathibitishwa na RITA, wakala wa usajili wa serikali. Kenya, ndoa iko kwa msajili wa ndoa chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Wenye hati za Kifaransa kutoka Kongo au Burundi wanahitaji tafsiri ya Kiingereza yenye tamko la mfasiri kwamba ameifahamu lugha na kuitafsiri kikamilifu. Kama ndoa yenu ni ya kimila, iandikisheni sasa, wakati hakuna haraka. Kuomba cheti Nairobi au Bukavu huku askari yuko kambini na mke ni mjamzito ni mateso yasiyo ya lazima.

Wazazi ni suala jingine. Askari wengi hutuma pesa kwa mama kila mwezi, wakidhani hilo linamfanya mama awe mtegemezi wa jeshi. Jeshi linataka uthibitisho kwamba askari anabeba zaidi ya nusu ya gharama zote za maisha ya mzazi huyo, kwa risiti. Hata ukifaulu, mzazi hapati bima ya afya ile wanayopata mke na watoto.

Bima ya afya

Askari wa akiba anayefanya mazoezi, aliye kwenye kundi liitwalo Selected Reserve, anaweza kununua TRICARE Reserve Select, mpango wa TRICARE, bima ya afya ya jeshi, kwa askari wa akiba. Mwaka 2025 ada yake ilikuwa dola 53.80 kwa mwezi kwa askari peke yake na dola 274.48 kwa askari na familia yote, iwe na mtoto mmoja au saba. Aliyewahi kununua bima ya familia kupitia kazi ya kawaida Marekani ataielewa tofauti hiyo mara moja. Kwa maoni yetu, kwa familia yenye watoto hii ndiyo haki yenye thamani kubwa kuliko zote za wakati wa amani, na inasikitisha kwamba wengi hawainunui kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza.

Unaweza kujiunga mwezi wowote wa mwaka. Wakati wa kujisajili hulipwa ada ya miezi miwili kwa mpigo. Asiyeruhusiwa ni askari ambaye kazi yake ya kiraia ni ya serikali kuu na anastahili bima ya wafanyakazi wa serikali. Kizuizi hicho kimepangwa kuondolewa mwaka 2030. Kosa linalofukuza watu wengi ni kadi ya benki iliyokwisha muda. Malipo yakikwama, bima inafutwa, na unaweza kufungiwa nje kwa miezi 12. Ukibadilisha kadi, hiyo iwe sehemu ya kwanza unayopeleka namba mpya.

Wenye familia iliyobaki Afrika Mashariki wajue kwamba bima hii haiishii mipakani. Mke aliye Mombasa au Arusha, akishasajiliwa DEERS na kuingizwa kwenye mpango, anaweza kutibiwa huko. Mara nyingi atalipa kwanza mfukoni, kisha ataomba kurudishiwa. Madai ya matibabu ya nje ya Marekani yana muda wa miaka mitatu, ya ndani ni mwaka mmoja. Hospitali itoe ankara inayotaja ugonjwa, kila huduma na bei yake, pamoja na uthibitisho kwamba pesa zimelipwa kweli. Risiti ya mkono yenye neno "matibabu" na jumla chini yake itarudishwa.

Sasa turudi kwenye siku 31. Askari akiitwa na serikali kuu kwa zaidi ya siku 30 mfululizo, ile bima ya kununua inasimama, na familia yote inaingia kwenye TRICARE ya askari wa kudumu, isiyo na ada ya mwezi. Ikiwa wito ni wa operesheni maalumu, huduma hiyo inaweza kuanza hadi siku 180 kabla ya tarehe ya kuripoti, mara tu hati inapotolewa. Akirudi kutoka operesheni hiyo, familia inaendelea kufunikwa siku 180 bila ada. Siku hizo zikiisha, ile bima ya kununua hairudi yenyewe: ni lazima ujisajili upya. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda ya jikoni siku askari anaporudi, maana furaha ya kurudi ndiyo inayosahaulisha.

Mtoto hubaki kwenye bima hadi miaka 21, au 23 akiwa mwanafunzi wa muda wote. Baada ya hapo anaweza kununuliwa mpango wa vijana hadi miaka 26.

Kazi ya mjini na madeni

Askari wengi wa akiba ni wauguzi, madereva wa malori, wafanyakazi wa maghala. Hofu yao kubwa ni kupoteza kazi. Sheria ya USERRA ya mwaka 1994 inamlinda askari dhidi ya mwajiri yeyote, mkubwa au mdogo, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Mwajiri halazimiki kumlipa askari akiwa jeshini, ingawa wengine hulipa. Anachokatazwa ni kumfukuza, kumnyima cheo kwa sababu ya sare, au kumlazimisha atumie likizo yake kwa ajili ya mazoezi.

Kwa upande wake askari ana wajibu. Lazima amjulishe mwajiri mapema. Sheria inakubali taarifa ya mdomo, lakini tunashauri iwe barua pepe kila mara, hata kwa wikendi moja. Jumla ya muda wa kuwa jeshini ukiwa kwa mwajiri mmoja isizidi miaka mitano, ingawa mazoezi ya kawaida na wito mwingi wa dharura hauhesabiwi. Halafu kuna muda wa kurudi, na huu ndio unaowaangusha watu. Ulikuwa nje siku 30 au chini: unaripoti zamu ya kwanza inayofuata, baada ya kufika nyumbani salama na kupumzika kwa muda wa saa nane. Siku 31 hadi 180: omba kurudishwa ndani ya siku 14. Zaidi ya siku 180: una siku 90. Aliyerudi baada ya miezi mitano akajipa miezi miwili ya kwenda kuwaona wazee Kisumu amejiweka pabaya.

Unarudishwa mahali ambapo ungekuwa kama usingeondoka. Wenzako wakiwa wameongezwa mshahara kwa ukongwe kazini, nawe unaongezwa. Tangu Januari 2021, wito wa jimbo wa siku 14 au zaidi nao unalindwa. Mwajiri akikataa, anza na ESGR, taasisi ya wizara ya ulinzi inayosuluhisha bila malipo. Malalamiko rasmi yanakwenda wizara ya kazi.

Upande wa madeni kuna sheria nyingine, SCRA. Hii haimhusu askari wa wikendi. Inaanza anapoitwa kwenye utumishi kamili wa serikali kuu. Kwa askari wa National Guard aliye chini ya 502(f), wito uwe wa zaidi ya siku 30 kwa dharura ya kitaifa. Deni lolote alilochukua kabla ya wito, peke yake au pamoja na mwenza, riba yake inashushwa hadi asilimia 6: mkopo wa gari, kadi ya benki, mkopo wa nyumba. Riba ya juu ya hapo inafutwa kabisa. Benki hairuhusiwi kuiahirisha ije kuidai baadaye. Lakini benki haitafanya hivyo kwa hiari yake. Andika barua, ambatanisha nakala ya hati ya wito, na uitume kabla siku 180 hazijapita tangu utumishi kuisha. Hata ukichelewa kuomba hadi mwisho, punguzo linahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya wito. Deni lililochukuliwa wakati askari tayari yuko kwenye utumishi halipati punguzo hili, kwa hiyo usikubali benki "ikuboreshee" mkopo wa zamani kwa mkataba mpya katikati ya wito.

SCRA pia inaruhusu kuvunja mkataba wa nyumba ya kupanga aliouingia kabla ya wito. Unatoa notisi ya maandishi na nakala ya hati, na mkataba unaisha siku 30 baada ya tarehe inayofuata ya kulipa kodi. Notisi ikitolewa Machi 20 na kodi ikilipwa kila tarehe 1, mkataba unaisha Mei 1. Mwenye nyumba haruhusiwi kudai faini ya kuvunja mapema.

Bima ya maisha na jina lililosahaulika

SGLI, bima ya maisha ya jeshi, inamfunika askari wa akiba wakati wote, hata Jumanne akiwa kazini kwake kama raia. Tangu Machi 2023 kiwango cha juu ni dola 500,000, na tangu Julai 2025 makato yake ni dola 26 kwa mwezi. Humo ndani mna bima ya watoto ya dola 10,000 kila mmoja bila nyongeza, na mwenza anaweza kufunikwa hadi dola 100,000 kwa makato ya ziada.

Hatari iko kwenye jina la mnufaika. Kijana anajiunga akiwa na miaka 20, hajaoa, anaandika jina la kaka yake. Miaka minane baadaye ana mke na watoto wawili, na fomu ni ileile. Akifariki, pesa zinakwenda kwa kaka. Wosia haubadilishi hilo, mila haibadilishi, na mahakama kwa kawaida haibadilishi. Mke hupewa taarifa askari aliyeoa anapomtaja mtu mwingine, lakini hana uwezo wa kuzuia. Askari aingie kwenye SOES, mfumo wa mtandaoni wa kubadilisha wanufaika, kila baada ya ndoa, talaka, kuzaliwa mtoto au kufiwa. Aangalie pia fomu DD 93, ambayo ni tofauti: hiyo ndiyo inayoongoza malipo ya rambirambi ya dola 100,000, yanayotolewa hata kwa aliyefariki kwenye mazoezi ya wikendi au njiani kwenda au kutoka huko.

Kumtaja mama aliye Tanga au Goma inaruhusiwa. Andika majina yake kama yalivyo kwenye pasi au kitambulisho chake, herufi kwa herufi, si jina analoitwa nyumbani. Mtoto wa chini ya miaka 18 akitajwa moja kwa moja, pesa zitasubiri mlezi aliyethibitishwa kisheria, na kesi hiyo hugharimu muda na mawakili. Ni bora kuweka mpango wa udhamini mapema.

Kuumia wikendi

Hapa ndipo tunapoona hasara kubwa na isiyo na sababu. Askari anateguka goti Jumamosi kwenye mazoezi, anameza dawa ya maumivu, Jumatatu anakwenda kazini. Miaka sita baadaye goti limeisha na hana karatasi hata moja inayosema liliumia wapi.

Karatasi anayoihitaji inaitwa Line of Duty, uchunguzi unaothibitisha kwamba jeraha lilipatikana kazini. Aripoti siku hiyohiyo kwa kiongozi wake na kwa mhudumu wa afya wa kikosi, atibiwe na maelezo yaandikwe, apate majina ya mashahidi wawili, na asiache kufuatilia hadi apewe nakala iliyosainiwa. Bila hiyo, jeshi halitalipia matibabu yanayofuata, na ofisi ya maveterani, VA, haitakuwa na cha kushikia.

Sheria inatofautisha pia. Kwenye mazoezi ya wikendi, VA inatambua majeraha, pamoja na mshtuko wa moyo, moyo kusimama na kiharusi. Ugonjwa mwingine uliojitokeza wikendi hautambuliwi. Kwenye wiki mbili za mazoezi ya mwaka, jeraha na ugonjwa vyote vinakubalika. Askari anayepokea fidia ya ulemavu ya VA na bado anafanya mazoezi hawezi kulipwa zote mbili kwa siku moja. Kila mwaka VA humpelekea fomu 21-8951 achague anachoacha, na wengi huacha fidia ya siku chache kwa sababu ndiyo ndogo. Asiyejibu hujikuta anadaiwa.

Uraia kwa njia ya sare

Mwenye kadi ya kijani anaweza kujiunga kama askari wa kawaida, si kama ofisa. Chini ya kifungu cha 329 cha sheria ya uhamiaji, kinachotumika kwa waliotumikia tangu Septemba 11, 2001, askari wa Selected Reserve mwenye utumishi wa heshima anaweza kuomba uraia bila kungoja miaka mitano na bila ada ya fomu N-400, ambayo ndiyo ya maombi ya uraia. Anahitaji fomu N-426, inayothibitisha utumishi wake, iliyosainiwa na ofisa wa jeshi ndani ya miezi sita kabla ya kutuma maombi. Wengi huisainisha mapema, wakaiweka droo hadi ikachacha.

Mambo mawili yapimwe kabla. Uraia uliopatikana hivi unaweza kufutwa kama askari atatolewa jeshini kwa masharti mabaya kabla ya kufikisha miaka mitano ya utumishi wa heshima. Anayeanza kutega mazoezi anacheza na zaidi ya mshahara. Pili, Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010, lakini sheria ya Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, na katiba ya Kongo ya 2006 inasema uraia wake ni mmoja na hauchangamani na mwingine. Mtanzania mwenye shamba au nyumba kwao ashauriane na wakili kabla ya kiapo.

Shule

Kuna mipango miwili ya GI Bill, msaada wa masomo wa serikali kuu kwa wanajeshi, na watu huichanganya. Wa kwanza, Chapter 1606, unapatikana kwa kujifunga miaka sita ya akiba. Unamlipa mwanafunzi wa muda wote kiasi kisichofika dola 500 kwa mwezi, hadi miezi 36, na unasimama askari akiacha kikosi. Wa pili, Post-9/11, unategemea siku za utumishi kamili wa serikali kuu zilizojumlishwa: siku 90 zinafungua asilimia 50, miezi sita asilimia 60, miezi 18 asilimia 70, na kuendelea hadi miezi 36 kwa asilimia 100. Miezi ya mafunzo ya mwanzo haihesabiwi kwa mtu mwenye utumishi mfupi, na hilo huwashangaza wengi waliokuwa wameshapiga mahesabu.

Mpango huu wa pili unaweza kurithishwa kwa mwenza au watoto, na kwa familia zetu, ambako elimu ya mtoto ndiyo mradi wa ukoo mzima, hii ni hazina. Sharti: awe ametumikia miaka sita, akubali kuongeza minne, na afanye uhamisho akiwa bado jeshini. Akishatoka, mlango umefungwa. Ampe kila mtoto hata mwezi mmoja mapema. Kugawanya upya baadaye ni rahisi, kuongeza jina jipya baada ya kutoka haiwezekani.

Mkopo wa nyumba wa VA, usiohitaji malipo ya awali, hupatikana baada ya miaka sita ya akiba au siku 90 za utumishi kamili. Ada yake kwa mara ya kwanza bila kutanguliza chochote ni asilimia 2.15 ya mkopo, na mwenye fidia ya ulemavu hailipi.

Pensheni ya pointi

Pensheni ya akiba inadai miaka 20 mizuri. Mwaka mzuri ni wenye pointi 50. Uanachama peke yake unatoa 15, kila kipindi cha mazoezi 1, kila siku ya utumishi kamili 1. Asiyekosa hata wikendi moja anapata 15, 48 na 14, jumla 77. Mwaka huo hauanzii Januari. Unaanzia tarehe aliyojiunga. Askari aliyekosa mazoezi mengi akadhani atayafidia Desemba, kumbe mwaka wake uliisha Agosti, anabaki na pointi 48 na mwaka mzima haumsogezi kuelekea ile 20. Apakue taarifa yake ya pointi kila mwaka, na makosa ayadai wakati karani bado anamkumbuka.

Pointi zote hugawanywa kwa 360 kupata miaka. Pointi 1,540 ni miaka 4.28. Kwa waliojiunga kuanzia Januari 1, 2018, kila mwaka una thamani ya asilimia 2, kwa hiyo ni kama asilimia 8.6 ya mshahara wa cheo. Ukiwa dola 5,000, pensheni ni dola 428 hivi kwa mwezi. Ni ndogo, na ndiyo maana kundi hilo lina akaunti ya TSP, akiba ya uzeeni: serikali inaweka asilimia 1 yenyewe, na baada ya miaka miwili inalinganisha hadi jumla ya asilimia 5 kama askari naye anakatwa 5. Anayepunguza makato yake anakataa pesa za bure.

Malipo huanza miaka 60. Kila siku 90 za wito unaostahili baada ya Januari 28, 2008 zinapunguza miezi mitatu, mwisho miaka 50. Bima ya afya ya wastaafu haishuki nayo, inabaki 60.

Barua ya kutimiza miaka 20 ikifika, zinaanza siku 90 za kuchagua kama mwenza ataendelea kulipwa pensheni askari akifariki. Mwenye mke au mume asipojibu, anawekewa kinga kamili, na gharama yake itakatwa kwenye pensheni. Wakati wa kuacha mazoezi, aombe kuhamishiwa Retired Reserve badala ya kutolewa kabisa: aliyehamishwa anahesabiwa kwa mishahara ya mwaka anaofikisha 60, aliyetolewa anabaki na mishahara ya siku aliyotoka, hata kama ni miaka 20 iliyopita.

Na hakuna atakayemtafuta. Pensheni hii haianzi yenyewe siku ya kuzaliwa. Lazima aiombe kwa fomu, miezi kadhaa kabla, na aendelee kuijulisha ofisi ya jeshi anwani yake hata akihamia Moshi au Eldoret. Anayechelewa hulipwa malimbikizo ya nyuma, lakini madai yaliyozidi miaka sita hupotea.